Mgonjwa asiyesumbua mtu: maswali kuhusu uuguzi wa watu wenye haiba ya hofu

Matatizo ya haiba ya hofu ni yapi hasa?

Haiba hapa ni namna ya kudumu ambavyo mtu hufikiri, huhisi na kuishi na wenzake. Matatizo haya ni hali tatu zinazowekwa kundi moja kwa sababu zote zina mzizi wa wasiwasi. Ya kwanza ni ya mtu anayewakwepa watu. Anatamani sana urafiki, ila anaamini kwamba wakimjua vizuri watamcheka au watamkataa, basi hujitenga kabla hajatengwa. Ya pili ni ya utegemezi: hawezi kuamua jambo bila mtu wa kumwamulia, na hukubali hata asichokitaka ili asiachwe. Ya tatu ni ya mtu wa ukamilifu, anayetaka kila kitu kiende kwa orodha na kwa kanuni zake, hadi kazi yenyewe haiishi na watu wa nyumbani wanachoka naye.

Mwongozo mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, umeyaacha majina hayo matatu. Sasa linaloulizwa kwanza ni uzito wa tatizo, kama ni dogo, la wastani au kali, kisha ndipo zinatajwa tabia zinazotawala. Hata hivyo kwa muuguzi aliye wodini makundi ya zamani bado yana faida, kwa sababu kila moja linadai namna yake ya kuuguzwa.

Kwani haya na uoga si tabia za kawaida?

Mara nyingi ni za kawaida, na tusiharakishe kumpa mtu jina la ugonjwa. Binti wa Kiganda anayepiga magoti kusalimia wakubwa hana utegemezi. Kijana wa Bombo anayetaka kwanza kusikia neno la baba zake wadogo kabla ya kuoa hana utegemezi pia, ameleleka tu. Tatizo la haiba linaonekana pale ambapo hofu imekaa tangu ujana, imeenea kila mahali (nyumbani, kazini, msikitini au kanisani), na inamvunjia mtu maisha: anaacha masomo, anakataa kazi, anang'ang'ania ndoa inayomuumiza.

Kuna na wale ambao hofu yao ina tarehe. Mkimbizi aliyetoka Ituri au Kivu, mashariki mwa Kongo, ambaye leo yuko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda na bado anashtuka mlango ukigongwa usiku, mfikirie kwanza kwa jicho la kiwewe cha vita. Pombe, tezi ya shingo iliyozidi kasi na baadhi ya dawa pia huleta wasiwasi. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari au afisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, baada ya kumsikiliza mtu zaidi ya mara moja, na kwa aliye chini ya miaka 18 tahadhari ni kubwa zaidi.

Mbona wagonjwa hawa hupitwa?

Kwa sababu hawasumbui. Anayepiga kelele wodini atapata watu watatu kwa mpigo, anayejikunja ukutani na kusema "asante sista" kwa kila kitu huandikwa "anaendelea vizuri." Na hakuna anayekuja kliniki akisema ana tatizo la haiba. Anakuja na maumivu ya kichwa, na moyo kwenda mbio, na usingizi uliopotea, na maumivu ya tumbo ambayo mtaani wameshayaita alsa, yaani vidonda vya tumbo.

Tena kuna desturi yetu ya ndugu anayemuuguza mgonjwa hospitalini, yule mwenye mkeka wake chini ya kitanda na sufuria yake. Bila yeye wodi nyingi zisingekwenda. Lakini angalia kinachotokea asubuhi. Sista anauliza, "Umelalaje?" Mgonjwa anamtazama dada yake. Dada anajibu, "Amelala vizuri." "Na maumivu?" Mgonjwa anamtazama tena dada yake. "Yamepungua." Fomu inajazwa, na mgonjwa hajatoa hata neno moja. Subiri dada aende kufua, vuta kiti, kisha uulize: "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Kitafuata kimya kirefu. Kiache. Wauguzi wengi hukijaza kimya hicho kwa huruma, na hapo ndipo wanapolikosa jibu.

Muuguzi aanzie wapi?

Kwenye uhusiano. Muuguzi wa Kimarekani Hildegard Peplau aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio wenyewe unaotibu, na kwamba una mwanzo, una kazi ya katikati, na una kuagana. Yeye pia aliupanga wasiwasi katika ngazi nne, kuanzia ule mdogo unaomfanya mtu awe macho hadi ule wa taharuki. Hili ni la kushika mkononi hasa: mtu aliye ngazi za juu hasikii mafunzo. Usimweleze ratiba ya dawa. Mketishe pasipo na watu wengi, sema sentensi fupi kwa sauti ya chini, pumueni pamoja, kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Maelezo yatakuja akitulia.

Halafu timiza ahadi. Ukisema utarudi saa nane, rudi saa nane, na kama dharura imekukamata tuma mtu amwambie. Kwa mgonjwa mwingine kuchelewa kwako ni jambo dogo. Huyu ataona ni ushahidi kwamba hafai.

Anayekwepa watu, nimlazimishe kukaa na wenzake?

Hapana, wala usimwachie kona yake moja kwa moja. Pangeni naye hatua ndogo ndogo: leo ale chakula akiwa amekaa penye mwanga badala ya kujifunika shuka, kesho amsalimie mtu mmoja, keshokutwa akae pembeni ya kikundi bila kutakiwa kusema. Msifu kwa alichokifanya hasa. "Nimeona umemsalimia mzee wa kitanda cha pili" anaweza kuliamini. "Wewe ni mtu mzuri sana" hataliamini, atadhani unamdanganya ili anyamaze. Na asipokuja kliniki siku yake, usiandike "mkaidi." Huenda alifika hadi langoni, akaona foleni, akarudi.

Mgonjwa wangu ananiuliza kila kitu, hata kama avae sweta. Nifanye nini?

Hapa ndipo wema wetu unapoharibu. Ni rahisi kujibu "ndiyo, vaa" na kuendelea na kazi, hasa mkiwa wawili kwa wodi nzima. Lakini kila jibu la namna hiyo linamthibitishia kwamba hawezi. Badala yake mrudishie: "Wewe unasikia baridi?" Akijibu, amekwisha kuamua mwenyewe, na umwambie hivyo. Anza na mambo ambayo kukosea hakuna gharama: chai au uji, kuoga sasa au baadaye, kliniki ijayo iwe Jumatatu au Alhamisi. Kidogo kidogo mpandishe kwenye mazito.

Wauguzi wa zamu zote lazima wawe na kauli moja. Akimkuta mmoja anayemwamulia, atamsubiri huyo tu, na wengine wataonekana wakali. Usimpe namba yako ya simu ya binafsi. Mwambie saa ambazo anaweza kukupata, ndani ya saa hizo mpe masikio yote. Nimeona huruma isiyo na mpaka ikigeuka, baada ya wiki mbili, kuwa muuguzi anayejificha stoo akisikia sauti ya mgonjwa wake. Hilo linamuumiza mgonjwa kuliko mpaka uliowekwa mapema.

Mfundishe kukataa. Fanyeni mazoezi ya maneno kabisa, wewe ukiwa shemeji anayekopa hela: "Naomba unipe muda nifikirie." Mwanzoni atasema kwa kunong'ona na kucheka. Rudieni.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, muulize akiwa peke yake kama nyumbani anapigwa au ananyang'anywa pesa zake, maana mtu wa hivi huvumilia mengi ili asibaki peke yake. Pili, zungumzeni kuhusu kuruhusiwa tangu siku za mwanzo. Dalili hupanda siku ya kwenda nyumbani ikikaribia. Hizo ni hofu za kuachwa, na si lazima ziwe ugonjwa uliorudi.

Na yule wa ukamilifu, anayebishana juu ya kila utaratibu?

Usishindane naye kuhusu nani anajua zaidi. Mpe ratiba mapema, mweleze sababu, na kukiwa na mabadiliko mwambie kabla hayajamkuta. Kisha msaidie kukaa na kazi "iliyotosha": akunje blanketi mara moja, aliache, mtazame wasiwasi unavyopanda na kushuka wenyewe. Hali hii si sawa na ule ugonjwa wa mtu kunawa mikono mara kwa mara kwa mawazo yasiyomwachia; huyo wa pili huyachukia mawazo yake, wakati wetu huyu anaona yeye ndiye sahihi na sisi ndio wazembe. (Wakati mwingine, tukubali, kuhusu wodi zetu yuko sahihi.)

Kuna dawa?

Hakuna dawa ya haiba yenyewe. Dawa kama fluoksetini hutolewa kwa ajili ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au wasiwasi unaoambatana nayo, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na hazikatizwi ghafla. Hatari iko kwenye diazepamu inayonunuliwa kienyeji kwenye duka la dawa: inatuliza usiku huohuo, na ndiyo maana mwili huizoea upesi. Waragi, pombe yetu kali, ni hivyohivyo kwa mtu anayetafuta ujasiri wa kukaa na watu.

Tiba kubwa ni mazungumzo, peke yake au kwenye kikundi. Uganda ina historia yake hapa. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na watu wa hapohapo, wasio madaktari, viliwapunguzia watu sonona. Ilikuwa sonona, haikuwa haiba, lakini wagonjwa wetu wengi wana vyote viwili.

Nitajuaje kuna hatari ya kujiua?

Uliza waziwazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Waulize hata watulivu, hasa mtegemezi aliyeachwa au kufiwa na mtu wake, na mtu wa ukamilifu aliyefukuzwa kazi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shamba karibu naye, na mwite mkubwa wako wa zamu saa hiyohiyo.

Sisi wagonjwa na ndugu zao tupate wapi msaada, na kama hatujui lugha ya huko?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu uombe rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama za Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika jijini Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo hospitali ya taifa. Ada kwenye vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Sheria ya afya ya akili ya 2018 inamruhusu mtu aje kutibiwa kwa hiari yake, na siri zake zinalindwa.

Kuhusu lugha, sema mapema kwamba unataka Kiswahili. Mkalimani asiwe mume, mama wala jirani wa kambini. Mwombe muuguzi atafute mfanyakazi wa kituo. Kama hakuna, afadhali maswali machache mepesi leo, na yale mazito yawekwe siku atakapopatikana.