Kuhamisha makazi: gari lako linapohama nawe Ulaya

Kwa afisa wa forodha, gari linaloshuka kwenye feri ni bidhaa, hata kama umekaa nalo miaka kumi na viti vimechanika. Ili lihesabiwe kama chombo cha nyumbani, sawa na makochi na masufuria yako, ni lazima uthibitishe kwamba wewe mwenyewe umehama. Hapo ndipo inapoingia dhana ya kuhamisha makazi. Kwa anayehamia nchi nyingine ya Ulaya na gari lake, dhana hii inaweza kuwa tofauti kati ya kutolipa kitu na kulipa maelfu ya euro.

Anayetoka Ubelgiji kwenda Ujerumani hana shida ya forodha, kwa sababu nchi zote mbili zimo katika Umoja wa Ulaya na VAT ya gari ilikwisha kulipwa liliponunuliwa. Ajihadhari tu na maana ya “gari jipya”. Katika sheria ya VAT, gari ni jipya ikiwa halijafikisha miezi 6 tangu liingie barabarani mara ya kwanza, au halijazidi kilomita 6,000. Sharti moja kati ya hayo linatosha. Gari la miaka miwili lililotembea kilomita 4,000 bado ni jipya, na ukilinunua nchi moja ukalipeleka nyingine, VAT hulipwa kule unakolipeleka.

Anayetoka Uingereza ana hesabu nyingine. Tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka katika soko la Umoja wa Ulaya, gari linalotoka Birmingham kwenda Hamburg huingia kama bidhaa kutoka nje ya Umoja. Tuseme thamani yake pamoja na usafiri ni euro 10,000. Ushuru wa kawaida wa magari ya abiria ni asilimia 10, yaani euro 1,000. VAT ya Ujerumani, asilimia 19, haipigwi kwenye elfu kumi. Inapigwa kwenye elfu kumi na moja, kwa kuwa ushuru nao hutozwa kodi. Hiyo ni euro 2,090. Jumla 3,090, na namba za Kijerumani bado hujazifunga.

Msamaha wa kuhamisha makazi hufuta deni hilo lote, ila una saa zake. Uwe umeishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo. Gari liwe lako, na uwe umelitumia angalau miezi 6 kabla ya kuondoka. Uliingize ndani ya miezi 12 tangu uanze kuishi katika makazi mapya. Halafu kwa miezi 12 mingine usiliuze, usilikodishe wala usimwazime mtu bila kuwaarifu forodha kwanza. Hili la kuazima ndilo ninaloliona gumu kwa watu wetu. Nani atamwambia shemeji aliyefika jana kwamba funguo haziguswi hadi mwakani? Waliowahi kurudi nyumbani na gari wataitambua sura ya masharti haya: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo humsamehe anayehamisha makazi gari moja, ila kipindi cha kulimiliki na kulitumia huko nje ni angalau miezi 12.

Makazi yenyewe hupimwaje? Kwa kawaida ni mahali unapoishi angalau siku 185 katika mwaka, kwa sababu ya kazi na watu wako. Mambo hayo mawili yakigawanyika, panapohesabiwa ni walipo watu wako, si ilipo kazi. Fundi anayefanya kazi Uholanzi huku mke na watoto wako Ubelgiji, naye anarudi kwao mara kwa mara, makazi yake ni Ubelgiji. Na mwanafunzi aliyekwenda kusoma chuo hahesabiwi kuwa amehama kwa sababu ya masomo peke yake. Ndiyo maana afisa ataomba mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri, bili za umeme za kule ulikotoka, na kadi ya gari yenye jina lako. Bili hizo watu huzitupa siku ya kufungasha.

Kodi ya usajili ni jambo la pembeni, lakini huumiza. Hii hutozwa na nchi yenyewe, hata kwa gari linalotoka ndani ya Umoja. Ujerumani haina. Denmark inayo, na kiwango chake cha juu hufika asilimia 150 kwa sehemu ya juu ya thamani ya gari. Uholanzi na Ireland pia zinayo, ila humsamehe anayehamisha makazi aliyelimiliki na kulitumia gari miezi 6 kabla ya kuhama, pamoja na masharti yao mengine.

Ukishavuka kodi, gari la Uingereza lina kasoro nyingine ambayo karatasi haziitibu. Taa zake za mbele zimepangwa kwa wanaoendesha kushoto. Ukiwa kulia, mwanga wa chini unampiga machoni anayekuja mbele yako. Taa ya ukungu ya nyuma, ikiwa ni moja, mara nyingi iko upande wa kulia, na huku inatakiwa iwe kushoto au katikati. Muulize fundi bei ya taa kabla hujakata tiketi ya feri. Kwa gari kuukuu, kuna wakati ni afadhali kuliuza huko huko.