Nakala kwanza, masasisho baadaye: skripti ya usiku kwa seva ndogo

Kwenye kila seva ninayokabidhiwa kuitunza, naweka mapema skripti fupi ya Bash (faili la amri ambazo Linux huziendesha moja baada ya nyingine) yenye kazi mbili: kuchukua nakala rudufu za data, kisha kusasisha programu. Wengi hutenganisha kazi hizi katika faili mbili. Mimi naziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu nataka moja iwe sharti la nyingine. Nakala isipopatikana, hakuna programu inayoguswa usiku huo.

Hii ni kwa Linux ya Ubuntu au Debian yenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
leo=$(date +%F)
mahali=/srv/nakala
kengele="anwani ya huduma inayosubiri taarifa"

mysqldump --single-transaction --all-databases | gzip > "$mahali/$leo.sql.gz"
tar -czf "$mahali/$leo-faili.tar.gz" /etc /var/www
find "$mahali" -type f -mtime +14 -delete

export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive
apt-get update
apt-get -y --with-new-pkgs -o Dpkg::Options::="--force-confold" upgrade

curl -fsS "$kengele"
```

Mstari wa pili ndio ninaoupa uzito kuliko yote. Bash ikikutana na amri iliyoshindwa, kwa kawaida huendelea na inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. `-e` huisimamisha hapo hapo. `-u` hukataa kigeu ambacho hakijapewa thamani, na yeyote anayeandika amri za kufuta faili anahitaji ulinzi huo. Kisha kuna `pipefail`. Bila hiyo, mysqldump (inayotoa nakala ya hifadhidata) ikikataliwa nenosiri, gzip (inayobana faili) bado itamaliza kazi yake vizuri, itakuachia faili dogo lisilo na kitu ndani, na skripti itajiona imefaulu. Tazama pia mstari wa `find`: nakala zilizopita siku 14 zinafutwa baada ya nakala mpya kupatikana, wala si kabla yake.

Hatari ya skripti inayoshindwa kimya ilionekana wazi kwa GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, akihangaika na tatizo la hifadhidata, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipokwenda kutafuta nakala za pg_dump (programu ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL) zilizotakiwa kupelekwa Amazon S3, hifadhi ya mtandaoni, kila siku, hawakukuta hata moja. Skripti yao ilikuwa ikiita pg_dump ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa PostgreSQL 9.6, kwa hiyo kila ilipoitwa iligoma. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ilituma barua pepe za makosa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na saini inayotakiwa na DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Wakaokolewa na picha ya diski ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, na data iliyoingia katika saa hizo ikapotea. GitLab walieleza yote haya hadharani, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Ndiyo maana skripti yangu haitegemei ujumbe wa makosa. Mstari wa mwisho, `curl`, hutuma taarifa ya kufaulu kwa huduma iliyo nje ya seva. Taarifa isipofika hadi asubuhi, huduma hiyo ndiyo inayonipigia kelele. Kwa njia hii najua hata pale seva yenyewe ilipozimika, jambo ambalo barua pepe kutoka seva hiyo haiwezi kuniambia.

Kuhusu masasisho, wapo wanaoogopa kuyaacha yajiendeshe, wakisema yataharibu kitu. Yanaweza, lakini naona kuchelewa ni hatari kubwa zaidi. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu wa Windows uliotumiwa na WannaCry, virusi vilivyofunga faili za watu na kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017. Virusi hivyo vilisambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. `--force-confold` huacha faili za mipangilio ulizozirekebisha zibaki kama zilivyo, na `--with-new-pkgs` huruhusu keneli mpya (kiini cha Linux) iingie. Keneli hiyo haifanyi kazi mpaka seva iwashwe upya, kwa hiyo angalia kama faili `/var/run/reboot-required` lipo. Kama unatumia skripti hii, zima unattended-upgrades ya Ubuntu, inayosasisha programu yenyewe, ili zisigombanie kufuli la dpkg, kisakinishi cha programu. Kuhama toleo kubwa la hifadhidata hakumo humu kabisa; kazi hiyo ifanye ukiwa macho.

Kwa kompyuta iliyo ofisini, mahali ambapo umeme hukatika, cron haitoshi: mashine ikiwa imezimwa saa nane usiku, zamu hiyo imepotea. Tumia timer ya systemd, yaani ratiba ya programu inayosimamia huduma za Linux:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00
Persistent=true
```

`Persistent=true` humaanisha zamu iliyokosekana inaendeshwa mara mashine inapowaka.

Kuna mambo mawili ambayo skripti haiwezi kukufanyia peke yake. Nakala iliyobaki kwenye diski ileile itakufa na diski hiyo, kwa hiyo iwepo mashine nyingine inayokuja kuzichukua kwa rsync, programu ya kunakili faili kati ya mashine. Nasisitiza ije kuzichukua yenyewe: seva ikipewa ufunguo wa kuingia kwenye hifadhi, atakayeivamia seva ataweza kufuta na nakala zote. La pili ni kurejesha. Kila mwezi chukua nakala ya karibuni, ifungue kwenye mashine tupu, washa tovuti au mfumo wako juu yake, ingia kama mtumiaji wa kawaida, kisha tafuta rekodi unayojua iliingizwa siku moja kabla ya nakala kuchukuliwa. Pima pia muda wa zoezi zima, maana swali la kwanza la mwenye biashara siku ya ajali litakuwa ni saa ngapi mfumo utarudi.