Je, wajua nani anakula oili chafu kwenye udongo wa stendi?

Mwagia maji kidogo pale stendi ambapo gari bovu limeshinda wiki nzima likidondosha oili. Maji hayazami. Yanajikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, kisha yanateleza kutafuta upenyo. Udongo wenyewe ni mweusi, umeshindiliwa na matairi, na ukiunusa ni gereji tupu. Utaapa kwamba hapo hakuna kiumbe hai.

Wapo, tena tele. Oili inapomwagika mara ya kwanza, bakteria wengi hufa au hulala. Aina zinapungua, lakini wachache wanaoweza kuila hupata karamu na kuzaana haraka: Pseudomonas, Rhodococcus, Acinetobacter, pamoja na kuvu kama Aspergillus. Ujuzi huo hawakuupata juzi. Mafuta ya petroli yalitokana na viumbe wadogo wa baharini wa zama za kale, na yamekuwa yakivuja yenyewe kutoka ardhini mamilioni ya miaka kabla mtu hajaunda injini.

Shida ni kwamba bakteria huishi kwenye utando wa maji, na mafuta hayachanganyiki na maji. Wanafanyaje? Wanatengeneza sabuni yao. Pseudomonas aeruginosa hutoa kitu kiitwacho ramnolipidi, kinachovunja oili kuwa vitone vidogo mno, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta. Kisha kimeng'enya, protini ya bakteria inayoendesha mabadiliko ya kikemia, huchomeka oksijeni kwenye ncha ya mnyororo wa kaboni. Hapo mnyororo unageuka kuwa asidi ya mafuta, na bakteria anaukata kaboni mbili mbili hadi uishe. Kinachobaki ni maji, hewa ya kaboni dioksidi na bakteria wapya.

Mbona basi stendi hazijisafishi? Kwanza, udongo ulioshindiliwa hauna hewa, na bila oksijeni kazi inakwenda kwa kusuasua. Pili, oili ni kaboni na haidrojeni karibu tupu. Naitrojeni na fosforasi za kujengea mwili hazimo. Ndiyo maana meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya fukwe zilitiwa mbolea. Si kwa ajili ya mimea, bali kuwalisha bakteria waliokuwa tayari pale. Tena oili chafu ni ngumu kuliko dizeli: ina molekuli za pete pete zilizoungana, ambazo zinaweza kukaa udongoni miaka mingi.

Metali ndizo hazina mlaji kabisa. Risasi ya betri, zinki ya matairi na shaba ya breki ni elementi, haziwezi kumeng'enywa zikaisha. Petroli ya risasi ya magari iliachwa kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, lakini risasi iliyokwisha kutua kandokando ya barabara bado ipo.

Bakteria wanaovumilia metali hizo wana pampu ndogo kwenye utando wa seli, wanazisukuma nje zikiingia. Hapa ndipo mimi huacha kuwashangilia. Jeni za pampu hizo mara nyingi husafiri pamoja na jeni za kuhimili antibiotiki, kwenye kipande kimoja cha DNA ambacho bakteria hupeana. Kwa hiyo udongo ambao haujawahi kuguswa na kidonge hata kimoja unaweza kufuga vijidudu visivyosikia dawa.