Dharura ya gari na dharura ya mtu

Wiki iliyopita shemeji yangu, aliyeko Hispania na motohomu yake, lile gari la kulala na kupika ndani, alituma sauti kwenye kundi la familia. Giaboksi imekufa, fundi anataka wiki tatu, "lakini msiwe na wasiwasi, hii ni dharura, siku zangu zimesimama." Watu wakamjibu kwa dua na pole. Mimi nilishindwa kunyamaza, maana neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno: kwa majirani kambini, kwa jamaa wanaopanga safari ya Ureno, na miaka michache nyuma kwenye kinywa changu mwenyewe.

Maana yenyewe ni fupi. Mwenye pasi ya Uingereza, kama sisi, anaingia eneo la Schengen, nchi 29 za Ulaya zenye sheria moja ya kuingia, bila viza, na anaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza hata kama anaishi Uingereza kwa kibali halali, lakini ukomo ni huo huo. Dharura, katika mambo haya, ni jambo linalomzuia mtu kuondoka kabla siku zake hazijaisha.

Tatizo liko kwenye neno. Dharura tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndugu zake tunao kila siku: dhara, madhara, kudhuru. Mzizi ni mmoja. Ndani yake mna mtu aliyebanwa mpaka hana pa kugeukia. Waliosoma chuoni pwani wanaikumbuka kanuni ya fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu: adh-dharurat tubihu al-mahdhurat, dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Mfano tuliopewa ni wa mtu aliyeshikwa na njaa ya kufa, na mbele yake hakuna kitu ila mzoga. Anaruhusiwa kula. Wengi huishia hapo, ilhali mwalimu alikuwa hajamaliza, kwani iko kanuni ya pili inayokwenda pamoja na ya kwanza: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Atakula cha kuokoa roho, hatajaza mfuko. Ikitokea sahani ya wali, mzoga unarudi kuwa haramu palepale.

Kiswahili cha leo kimelilegeza neno. "Nimepata dharura" siku hizi ni mgeni kafika, mtoto kasahau daftari, au foleni ya Mandela Road pale Dar haisogei. Kuna mkutano wa dharura na mlango wa dharura. Sina ugomvi na matumizi hayo, lugha huishi hivyo. Ila ukisimama mbele ya ofisa wa mpakani, neno linarudi kwenye maana yake ya kale, tena ile ngumu.

Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 33, inasema viza itaongezwa muda bila malipo iwapo mwenye nayo atathibitisha kuwa nguvu iliyo nje ya uwezo wake, au sababu ya kibinadamu, inamzuia kuondoka. Kitenzi ni hicho: kuzuia. Zikiwa ni sababu nzito za binafsi tu, ofisi inaweza kuongeza, si lazima, na ada ni yuro 30. Kwa tulioingia bila viza, mkataba wa Schengen unaiachia kila nchi uamuzi wa kumwongezea mgeni muda katika mazingira yasiyo ya kawaida. Nayo ni hiari ya nchi, na ruhusa hiyo kwa kawaida huishia kwenye mipaka ya nchi iliyoitoa.

Aprili 2010 volkano ya Iceland ilitupa majivu angani na ndege zikakaa chini siku kadhaa sehemu kubwa ya Ulaya. Ile ilikuwa dharura. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa korona, ilikuwa dharura. Mtu aliyelazwa na mguu uliovunjika, ambaye daktari ameandika asisafiri, yumo. Sasa weka giaboksi kando ya hayo. Imemzuia nani? Imelizuia gari. Mwenye gari ana miguu miwili na kituo cha treni kipo.

Nayasema haya kwa sababu niliyajifunza njiani. Tuliingia Ufaransa tarehe 1 Machi, tukashuka taratibu mpaka Hispania. Tarehe 20 Mei, tukipanda mlima si mbali na Zaragoza, harufu ya kuungua ikajaa ndani mpaka kwenye kabati la vikombe. Pedeli ya klachi ikaenda chini, haikurudi. Brekdauni ya kwanza ilikuja ikageuza, kitanda chake kilikuwa kifupi kwa gari la urefu ule. Ya pili ilichukua saa nne. Siku mbili baadaye fundi alinionyesha pleti kiganjani, imelika mpaka ribiti zinang'aa, na akanihesabia kwa vidole lini vipuri vitafika.

Tarehe 20 Mei ilikuwa siku yangu ya 81. Hesabu mwenyewe: Machi 31, Aprili 30, Mei 20. Siku ya 90 ni tarehe 29 Mei. Nikachukua barua ya fundi, nikaenda ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni, nikiwa na uhakika kwamba karatasi ile inatosha. Ofisa, mama wa makamo, aliisoma yote bila haraka, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, kisha akauliza: "Gari ni bovu. Na wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mzima. Tarehe 27 Mei mke wangu na mimi tulipanda treni kwenda Barcelona, na kutoka huko ndege, gari tukaliacha gereji.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana upande wa pili wa jambo hili hautajwi kabisa. Gari nalo lina muda wake, na muda huo hauko uhamiaji, uko forodha. Gari la binafsi lililosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya huingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, na kwa mtalii wa kawaida muda huo ni miezi 6. Hesabu mbili, ofisi mbili, sheria mbili. Mtu ana siku 90, gari lina miezi 6, na hakuna hata moja inayosubiri nyingine.

Chukulia ningekaa mpaka siku ya mwisho, 29 Mei. Ningeruhusiwa kurudi lini? Dirisha la siku 180 husogea kila siku, kwa hiyo siku yangu ya kwanza, 1 Machi, inatoka kwenye hesabu tarehe 28 Agosti, na kuanzia hapo napata siku moja, kesho yake nyingine. Lakini miezi 6 ya gari inakatika mwishoni mwa Agosti. Kati ya siku ninayoruhusiwa kurudi na siku gari linayotakiwa kuwa limetoka, ni siku zisizozidi nne, na njia ya kutoka Zaragoza mpaka kwenye kivuko cha Calais, kaskazini mwa Ufaransa, ni ndefu. Tulipotoka siku mbili mapema tulijiwekea akiba ya siku mbili, na siku mbili hizo zilikuja kuwa za thamani.

Ila forodha, tofauti na uhamiaji, ndiyo mahali barua ya fundi ina uzito. Sheria yao inaruhusu kuongeza muda wa gari panapokuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, kwa ombi lenye sababu za kueleweka, na gari lisilo na klachi ni sababu ya kueleweka. Kwao swali ni kwa nini gari halijatoka, na jibu liko kwenye karatasi. Karatasi ileile niliyoipeleka mlango usio wake.

Kuna na hili la "siku zimesimama". Hazisimami. Hata ofisi ikikubali, inachofanya ni kukuongezea siku juu ya zile, na ruhusa lazima iombwe kabla hazijakwisha. Nadhani watu wanachanganya na utaratibu wa zamani: mpaka 18 Oktoba 2013 sheria ilisema miezi mitatu ndani ya miezi sita tangu siku ya kwanza kuingia, na miezi sita ikipita hesabu ilianza upya. Wazee wa motohomu bado wanaizungumzia hiyo. Siku hizi pia haisaidii kutegemea muhuri uliofifia, kwa sababu tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole, na kompyuta ndiyo inayohesabu.

Bima ni jambo la tatu, nalipitia haraka: nyingi zina ukomo wa siku za kukaa nje kwa safari moja, na huduma ya kuvutwa ina masharti ya uzito na urefu wa gari. Soma yako kabla ya kuvuka bahari. Kama bima inalipia gari kubebwa mpaka nyumbani, uliza hilo siku ya kwanza, usingoje ya ishirini.

Shemeji nilimwandikia faragha, sikutaka kumsahihisha mbele ya watu. Nikamwambia polisi hawatamkatalia kwa ukali, lakini swali lao analijua sasa, na akienda na barua ya giaboksi peke yake atakuwa anaomba ruhusa ya gari kwa jina la mtu. Kama mgongo unaomsumbua tangu Malaga umefika kwa daktari, na daktari ameandika asisafiri, hiyo ndiyo barua ya polisi. Ya fundi aipeleke forodha, yenye namba ya gari, tarehe ya kuingia, na tarehe ambayo kipuri kinatarajiwa. Na kwenye ile ya forodha neno dharura hahitaji hata kulitaja. Aandike tu: gari langu limeharibika, haliwezi kutembea, naomba liongezewe muda, mimi mwenyewe naondoka tarehe fulani.

Akanijibu usiku kwamba amebakiwa na siku 12, na ameshaanza kutazama bei za treni.