Pascal ya skrini ya bluu na Pascal ya leo: dhana potofu na ukweli

Waliosomea kompyuta vyuoni miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka ile skrini ya bluu yenye maandishi ya njano. Ilikuwa Turbo Pascal, ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal. Tuliandika humo programu ya kupanga alama za wanafunzi, tukafanya mtihani, tukaiacha chuoni pamoja na madaftari.

Sasa Pascal inazungumzwa upya. Delphi, ambayo ni Pascal ya kibiashara, ilitimiza miaka 30 Februari 2025 na bado inatoa matoleo mapya. Lazarus, ndugu yake wa bure, ilifika toleo la 4.0 mwaka huohuo. Watu waliochoshwa na programu ndogo zinazomeza kumbukumbu yote ya kompyuta wanauliza kama kuna njia nyepesi zaidi, na kila wanapouliza hujibiwa kwa maneno ambayo baadhi yalikuwa kweli mwaka 1981 na mengine hayajawahi kuwa kweli hata siku moja. Pascal ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nina upande. Lakini nitawasahihisha na wapenzi wenzangu pia, maana na sisi tuna dhana zetu.

"Ni lugha ya kufundishia tu"

Niklaus Wirth aliitoa Pascal mwaka 1970 akiwa katika chuo cha ETH Zürich, Uswisi, akaipa jina la Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Ni kweli alitaka lugha inayofaa kufundishia kwa utaratibu. Lakini tangu mwanzo alitaja na lengo la pili: programu zinazotegemeka na zenye ufanisi. Hilo la pili ndilo lililosahaulika.

Dhana hii ilipata nguvu mwaka 1981, pale Brian Kernighan wa Bell Labs alipoandika makala kali ya kueleza kwa nini Pascal haimfai. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Katika Pascal ya wakati ule ukubwa wa orodha ulikuwa sehemu ya aina yake, hivyo utaratibu ulioandikwa kupanga majina 10 haukuweza kupokea majina 20. Tena hapakuwa na njia rasmi ya kuigawa programu katika vipande vinavyokompailiwa, yaani kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kila kimoja peke yake. Mfumo mkubwa haujengeki hivyo. Ila alichokuwa akikisema ni Pascal ya kiwango rasmi cha miaka ya sabini. Turbo Pascal 4, ya mwaka 1987, ilileta yuniti, yaani sehemu za programu zinazojitegemea. Toleo la 5.5 la 1989 likaleta objekti, yaani data na taratibu zake zikiwa kitu kimoja, na miaka ya tisini orodha za ukubwa wowote zikaingia. Malalamiko yakajibiwa moja baada ya jingine, lakini makala ile inanukuliwa hadi leo kana kwamba wino wake haujakauka.

Na kazi zenyewe zipo. Photoshop ya kwanza kabisa, ya mwaka 1990, iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Pascal: jumba la makumbusho la Computer History Museum lilipouweka wazi msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, mwaka 2013, mistari ilikuwa kama 128,000, na takriban robo tatu yake ni Pascal. Skype ya Windows ilikuwa Delphi. Ukiwahi kusakinisha programu kwenye Windows, huenda dirisha lililokuongoza hatua kwa hatua lilikuwa la Inno Setup, nayo ni Delphi. PeaZip, ya kubana faili, na Double Commander, ya kupanga faili, ni za Lazarus. Na FL Studio, ile ambayo watayarishaji wengi wa muziki huku kwetu walianzia nayo wakiiita Fruity Loops, imejengwa kwa Delphi. Kijana anayegonga biti chumbani kwake usiku, akipanga ngoma na besi bila sauti kukwama, anaitumia Pascal bila kuijua jina.

"Haiendi kwenye kompyuta za kisasa"

Hii nataka niikalie, kwa sababu waliokwisha kuiona kwa macho yao hawabishiki, na walichokiona ni kweli.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini kompyuta mpya zilianza kuingia vyuoni na maofisini. Mtu alikuwa anachukua programu yake ya Turbo Pascal iliyofanya kazi miaka yote, anaifungua, na kabla haijaonyesha chochote inatoka maneno haya: Runtime error 200. Kosa namba 200 maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Mtu anakagua msimbo wake wote, hakuna mahali alipogawanya kwa sifuri. Wengi walihitimisha kwamba Pascal imepitwa na wakati na prosesa mpya zinaikataa.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Turbo Pascal ilikuwa na yuniti iitwayo Crt, ya kusafisha skrini, kupaka rangi na kuisimamisha programu kwa muda fulani. Ili ijue kusubiri milisekunde moja, Crt ilikuwa inajipima kila programu inapoanza: inazunguka kitanzi kitupu kwa muda wa mpigo mmoja wa saa ya kompyuta, milisekunde 55, inahesabu imezunguka mara ngapi, kisha inagawanya hesabu hiyo kwa 55. Jibu lilitakiwa kutoshea kwenye nafasi ya biti 16, yaani lisizidi 65,535. Prosesa za kufikia megahezi 200 na kuendelea zilizunguka mara nyingi mno, jibu likafurika, na prosesa hutoa ishara ileile kwa kufurika na kwa kugawanya kwa sifuri. Pascal ikaripoti kosa 200. Kwa hiyo programu ilizimwa na kipande kimoja cha maktaba kilichoandikwa na watu ambao hawakuwazia mashine ya kasi hiyo. Lugha haikuwa na hatia.

Rafiki yangu mmoja aliniletea flashi yenye mradi wake wa mwisho wa chuo, programu ya maktaba ya shule, faili ya miaka zaidi ya 20. Ile ya kuendesha moja kwa moja haikufunguka kabisa, kwa kuwa Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Lakini alikuwa ametunza na msimbo. Nikaandika `fpc maktaba.pas` mbele yake, amri ya kompaila ya bure iitwayo Free Pascal, nikabonyeza. Hata sekunde haikuisha. Orodha ya vitabu ikatokea na rangi zake, pamoja na kosa la tahajia aliloliacha kwenye ukurasa wa kwanza. Free Pascal ina Crt yake, isiyojipima kwa kitanzi kile.

"Ni ya polepole"

Mwishoni mwa miaka ya sabini Pascal iliyoenea kwenye kompyuta ndogo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hiyo haikutoa lugha ya mashine. Ilitoa msimbo wa kati, ambao programu nyingine iliusoma na kuutekeleza kidogo kidogo, ili programu moja iende kwenye kompyuta za aina tofauti. Wazo zuri, na Java ilikuja kulipa umaarufu baadaye, lakini kwa mashine za wakati ule lilikuwa zito, na sifa ya uzito ikaikamata Pascal yote.

Novemba 1983 Borland ikatoa Turbo Pascal kwa dola 49.95, kompaila yake ikiwa imeandikwa na Mdenmaki Anders Hejlsberg. Kihariri, kompaila na kila kitu vilikaa kwenye faili ambayo hata kwenye toleo la 3 haikufika KB 40. Tangu hapo msimamo haujabadilika: Delphi na Free Pascal hutafsiri msimbo wako kuwa maagizo ya prosesa yenyewe. Hakuna mashine pepe, hakuna mkalimani, yaani hakuna programu nyingine ya katikati inayousoma msimbo. Unampa mteja faili moja, anaiweka kwenye kompyuta yake ya GB 2, inafunguka. Hilo halihitaji bando la kupakua vitu vingine kwanza, na kwa anayemhudumia mteja mwenye intaneti ya kubahatisha si jambo dogo.

Huyo Hejlsberg ndiye aliyekuja kusanifu Delphi, kisha akahamia Microsoft mwaka 1996 akaongoza lugha nyingine, C# na baadaye TypeScript. Machi 2025 alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript, iliyokuwa ikiendeshwa kama JavaScript, inahamishiwa kwenye lugha ya Go, ili nayo iwe lugha ya mashine. Kwenye msimbo wa Visual Studio Code, wenye mistari milioni moja na nusu, muda ulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Nadhani habari za namna hii ndizo zinazowarudisha watu kuuliza habari za Pascal: wameonyeshwa upya ni kiasi gani cha kasi walikuwa wanakiacha.

Wengine husema "mbona programu tupu ya Lazarus ina zaidi ya MB 20?" Sehemu kubwa ya hizo ni taarifa za kusaidia kutafuta makosa. Ziondoe kwenye mipangilio ya mradi, itabaki MB mbili au tatu.

"Lazima uwe na pesa"

Delphi kamili ni ghali kwa mtu binafsi, hilo sibishi. Lakini tangu 2018 lipo toleo la bure kwa ambaye mapato yake hayazidi dola 5,000 kwa mwaka. Free Pascal, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Mjerumani Florian Klämpfl, na Lazarus, iliyoanza 1999, ni huria kabisa, na leseni ya maktaba zake inakuruhusu kuuza programu yako bila kuonyesha msimbo wako. Tena hazikufungi kwenye Windows: Linux, macOS na Raspberry Pi zote zimo.

Na sisi wapenzi wake

Kosa letu la kwanza ni kusema Pascal ni salama kama Rust, lugha inayosifika kwa kuzuia makosa ya matumizi ya kumbukumbu. Tunategemea mwongozo wa NSA, shirika la usalama la Marekani, ambao mwaka 2023 uliitaja Delphi/Object Pascal miongoni mwa lugha salama kwa kumbukumbu, pamoja na Rust, Go, Java na Ada. Nilifurahi kuiona, lakini kwa maoni yangu walitupendelea. Maandishi na orodha zenye ukubwa unaobadilika, ndiyo, hujisimamia zenyewe. Objekti hazijisimamii:

```
Mgonjwa := TMgonjwa.Create;
try
  Mgonjwa.Sajili;
finally
  Mgonjwa.Free;
end;
```

Sahau ule mstari wa `Free`, kumbukumbu inavuja. Mtumie `Mgonjwa` baada ya mstari huo, unasoma sehemu ambayo si yako tena, na kompaila haitakuzuia. Kusoma nje ya mipaka ya orodha nako kunanaswa ikiwa tu umewasha ukaguzi wa mipaka.

La pili ni kuinua orodha ya TIOBE, ya umaarufu wa lugha za programu, kila Delphi inapopanda. Orodha hiyo huhesabu matokeo ya injini za utafutaji. Haihesabu ajira wala watumiaji. Kijana anayetafuta kazi ya kwanza Dar es Salaam au Nairobi asiwe na Pascal peke yake. Nafasi zake nyingi ni za kutunza mifumo iliyopo au kujenga ya kwako mwenyewe. Mimi ninaishi kwa hizo mbili, lakini nilianza na wateja mkononi.

La tatu limeniumiza mwenyewe. Tunapenda kusema kwamba msimbo wa zamani unakompailiwa tu bila kuguswa. Ule wa rafiki yangu ulikubali, kwa sababu ulikuwa wa DOS na mwepesi. Duka moja la dawa lilikuwa na programu ya Delphi 7, ya mwaka 2002, nikapewa kazi ya kuihamishia kwenye Delphi mpya. Ilikompailiwa vizuri, nikamwambia mwenye duka tumemaliza. Kesho yake asubuhi ananipigia, risiti zinatoka nusu. Nikaenda. Mstari wa jumla, ambao ulitakiwa kusomeka JUMLA SH 12500, uliishia JUMLA S.

Tangu Delphi 2009 maandishi yalihamia Unicode, mfumo wa kuwakilisha herufi za lugha zote, na kila herufi ikachukua baiti mbili badala ya moja. Utaratibu wa kuchapa ulikuwa unahesabu herufi, 14, kisha unapeleka kwa printa baiti 14. Zamani hizo zilikuwa mstari mzima. Sasa zikawa herufi saba tu, kila moja ikifuatwa na baiti tupu ambayo printa inairuka. Kompaila haikuwa na sababu ya kulalamika, kwa maana sheria za lugha hazikuvunjwa.

Nilikaa nyuma ya kaunta, wateja wakiwa wamesimama, nikabadilisha neno moja kwenye utaratibu ule, `string` nikaifanya `AnsiString`, aina ya maandishi ya zamani yenye baiti moja kwa herufi, nikakompaili palepale kwenye kompyuta yao. Mama aliyekuwa mbele ya foleni akapewa risiti yake, JUMLA SH 12500, akaikunja akaitia kwenye mkoba.