Humza Yousaf: aliingia kwa orodha, akaondoka kwa hesabu

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya bunge la Uskoti, lazima atokee mwanafunzi wa kusema, "Kumbe hawa ni viti maalum, Mwalimu!" Anawasema wale wabunge 56, kati ya 129, ambao hawana jimbo. Darasa hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, maana nusu ya jibu wanayo. Nusu iliyobaki nitaieleza hapa kwa kufuata safari ya mtu mmoja: Humza Yousaf, aliyewahi kuwa mkuu wa serikali ya Uskoti, mzaliwa wa mji wa Glasgow ambaye baba yake alitoka Pakistan na mama yake alizaliwa Nairobi, katika familia ya Wapunjabi, wale ambao sisi tumezoea kuwaita Wahindi bila kuuliza zaidi.

Bunge lenyewe ni tunda la ugatuzi, yaani London kuigawia Uskoti sehemu ya madaraka. Septemba 1997 Waskoti walipiga kura ya maoni, asilimia 74.3 wakalitaka, sheria ikapitishwa 1998, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Mei 1999. Afya, elimu, polisi na mahakama viliwekwa mikononi mwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Ulinzi, uhamiaji na mambo ya nje vilibaki London. Mkuu wa serikali ya huko mimi humwita Waziri Kiongozi, cheo nilichokiazima Zanzibar, ambako kilikuwepo mpaka 2010.

Siku ya uchaguzi mpiga kura hupewa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya jimbo: mwenye kura nyingi anapita, kama kwetu. Ya pili ni ya mkoa, na hapo unachagua chama. Mikoa iko 8, kila mmoja una viti 7, na kila chama kimeshapeleka orodha ya majina yake, aliye juu akitangulia. Hapo ndipo wanafunzi wangu wanapokosea. Viti maalum vya Tanzania ni vya wanawake na havina karatasi yake kituoni. Chama hupewa kwa kuangalia kura za wagombea wake wa ubunge. Kenya nako wale wa kuteuliwa hufuata idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda. Mskoti anaweza kumpa mtu wa chama cha Leba kura ya jimbo, kisha akageuka akawapa chama cha Kijani, wale watetezi wa mazingira, kura ya mkoa. Wengi hufanya hivyo.

Yousaf aliyajua mambo ya orodha kabla jina lake halijaandikwa humo. Baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2007 alifanya kazi katika ofisi ya Bashir Ahmad, mbunge wa SNP (chama kinachotaka Uskoti iwe nchi huru) wa mkoa wa Glasgow na Mwislamu wa kwanza kuingia bunge lile. Februari 2009 mzee Ahmad akafariki. Kwetu hapo ungesikia tarehe ya uchaguzi mdogo na ungeona misafara ya magari barabarani. Glasgow hapakuwa na kampeni yoyote. Walifungua orodha ya SNP ya mwaka 2007, wakamchukua aliyefuata, Anne McLaughlin, akaapishwa. Kiti cha mkoa ni mali ya orodha; mbunge hukikalia tu.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ni kisa cha Margo MacDonald, ambacho nakipenda kuliko vyote. Huyu alikuwa SNP, akaachana nao, na kuanzia 2003 akawa anachaguliwa mkoa wa Lothian kama mgombea binafsi. Karatasi ya mkoa inaruhusu hilo: mtu mmoja anasimama kana kwamba yeye ni chama. Alipofariki Aprili 2014, orodha yake ilikuwa na jina moja, lake. Hapakuwa na wa kumrithi, na kiti kile kikakaa kitupu hadi uchaguzi wa 2016. Miaka miwili! Nikiwasimulia wanafunzi hili, kicheko cha viti maalum huisha, maana hapo wanauona mfumo ukitembea kwa miguu yake wenyewe, bila huruma ya mtu.

Turudi kwa Yousaf. Mei 2011, akiwa na miaka 26, aliingia bungeni kupitia orodha ya SNP ya Glasgow. Mbunge wa mkoa ana mshahara uleule na kura ileile kama wa jimbo, lakini heshima si ileile. Wenzake wa jimbo humwona kama mpangaji. Kanuni za bunge zinamtaka ahudumie mkoa kwa upana, asijibanze kwenye jimbo moja, na sababu inajulikana: wengi wao hutumia ile miaka mitano kulinyemelea jimbo la mtu. Wanafungua ofisi mtaa wa pili, wanajibu barua ambazo mbunge wa jimbo amechelewa kuzijibu, wanakuwa wa kwanza kufika msibani. Sisemi ni kosa. Kwa maoni yangu ni moja ya faida za mfumo ule, kwani mbunge wa jimbo hapati usingizi mzito.

Mwaka uliofuata akapewa unaibu waziri wa mambo ya nje na maendeleo ya kimataifa. Soma tena orodha ya madaraka hapo juu utaona kichekesho: mambo ya nje ni ya London. Kazi yake iliyokuwa na mwili hasa ilikuwa misaada ya maendeleo, hususan Malawi, ambayo Uskoti ilitia nayo saini makubaliano ya ushirikiano mwaka 2005.

Kisha ikaja 2016, mwaka ambao ningependa kila anayetaka kuuelewa mfumo huu auangalie kwa kalamu na karatasi. Yousaf aliacha kutegemea orodha, akagombea jimbo la Glasgow Pollok. Aliyekuwa nalo tangu 1999 alikuwa Johann Lamont, aliyewahi kuongoza Leba ya Uskoti. Yousaf akamshinda. Akaenda kuapishwa amevaa kilti, ile sketi ya kiasili ya wanaume wa Kiskoti, kiapo akakisema kwa Kiingereza na Kiurdu.

Na Lamont? Alirudi bungeni siku ileile, kwa orodha ya mkoa. SNP ilikuwa imezoa majimbo yote 9 ya mkoa wa Glasgow. Kwenye karatasi ya mkoa pia iliongoza, karibu asilimia 45, zaidi ya kura 110,000. Lakini njia wanayotumia, ya D'Hondt, hugawanya kura za chama kwa idadi ya viti ambavyo kimeshapata mkoani humo, jumlisha moja. SNP ikagawanywa kwa 10, ikabaki na kama 11,000. Kijani, ambao hawakuwa na jimbo hata moja, kura zao elfu ishirini na tatu na kitu ziligawanywa kwa moja. Matokeo ya viti 7: Leba 4, Wahafidhina 2, Kijani 1, SNP sifuri. Yaani kama Yousaf angebaki kwenye orodha, hata angewekwa jina la kwanza kabisa, angerudi nyumbani. Kushinda kwa chama chake kungemtupa yeye nje.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema orodha ni njia ya mkato. Ni njia ya mkato kwa mtu wa chama kinachoshindwa majimboni. Chama kikishamiri, orodha yake inakauka. Anas Sarwar, aliyesoma shule moja na Yousaf na aliyechaguliwa kuongoza Leba ya Uskoti mwaka 2021, aliingia bunge lile kwa orodha mwaka huohuo wa 2016, na 2021 akaingia tena kwa orodha baada ya kushindwa jimboni na Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa wakati huo kutoka SNP.

Vyeo vilivyofuata nitavipita haraka: uchukuzi 2016, sheria 2018, afya Mei 2021 katikati ya korona. Machi 2023, Sturgeon alipong'atuka, Yousaf alimshinda Kate Forbes ndani ya chama kwa asilimia 52.1 dhidi ya 47.9, akawa Waziri Kiongozi wa kwanza Mwislamu. Aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa Ash Regan. Tafadhali lishike jina hilo.

Mfumo wa orodha umeundwa ili chama kimoja kisipate wingi kirahisi. Mwaka 2021 SNP ilipata viti 64, pungufu ya kimoja tu kufikia 65, ambavyo ni zaidi ya nusu ya 129. Kwa hiyo Agosti mwaka huo ilifunga mkataba na Kijani, waliokuwa na wabunge 8, wote wa orodha, hata mmoja hana jimbo. Mmoja wao, Alison Johnstone, alikuwa ameshakuwa spika na kuachana na chama kama ilivyo desturi. Wakabaki 7.

Aprili 2024 serikali ilitupa lengo lake la kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 75 kufikia 2030. Kijani wakachemka, wakatangaza kuwaita wanachama wao waupigie kura mkataba. Yousaf hakungoja. Tarehe 25 aliuvunja yeye mwenyewe, na mawaziri wawili wa Kijani wakatoka nje ya serikali asubuhi ileile. Nadhani alitaka kuonekana mwanamume wa maamuzi. Wahafidhina wakaleta hoja ya kutokuwa na imani naye, Kijani wakasema wataiunga mkono, na hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu vidole. SNP walikuwa 63, maana mmoja alihamia chama cha Alba Oktoba 2023. Upande wa pili: Wahafidhina 31, Leba 22, Kijani 7, Liberali 4, Alba 1. Jumla 65. Aliyehama ni Ash Regan, na alipoondoka Yousaf alisema si hasara kubwa. Sasa kura yake moja ingefanya mizani iwe 64 kwa 64, na spika, kwa desturi, angeacha mambo yalivyo. Ilibidi Yousaf apige hodi kwa mtu aliyemdharau hadharani miezi sita kabla.

Tarehe 29 Aprili alitangaza kwamba anajiuzulu. Lakini Leba walikuwa na hoja yao ya pili, ya kuiangusha serikali nzima, nayo ilipigiwa kura Mei 1. Ikashindwa, kura 70 kwa 58. Ukitoa 63 za SNP kwenye hizo 70 zinabaki 7, za Kijani.