Chimba Shimo Kabla ya Kuchimba Mfereji

Wakulima wa bonde la mto Manafwa huniambia kila msimu kwamba udongo wa mto ni udongo mzuri. Wanasema kweli, ila bonde la mto mmoja lina udongo wa aina nyingi, na asiyezitofautisha huishia kupanda vitunguu mahali pa mpunga. Mimi ni mpimaji wa udongo. Kazi yangu kubwa iko Butaleja, mashariki mwa Uganda. Shimo moja laweza kuzungukwa na Wanyole, Wagisu na Wateso, na hapo Kiswahili ndicho hutuwezesha kuelewana.

Manafwa unashuka kutoka Mlima Elgon, volkeno iliyozimika yenye kilele cha mita 4,321. Unaposhuka unabeba udongo wa miteremko. Ukifika tambarare na kufurika, kasi ya maji hupungua, na mzigo huanza kushushwa: mchanga, ulio mzito, hubaki karibu na ukingo, tope laini huenda mbele kidogo, chembe za udongo wa mfinyanzi huelea mpaka maji yatuame kabisa, mbali na mto. Ndiyo maana ukingo mara nyingi umeinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Ukitoka mtoni kwenda shambani unateremka, ingawa macho hayaoni.

Udongo wa kichanga unaweza kunywa maji zaidi ya milimita 30 kwa saa. Mfinyanzi hunywa 1 hadi 5 tu. Ratiba moja ya kumwagilia haiwezi kuufaa huu na ule. Ukingoni kwenye tifutifu, vitunguu, mahindi na nyanya hupata hewa mizizini, lakini huhitaji maji kidogo kidogo na mara kwa mara. Kule nyuma, mfinyanzi ukivurugwa kwa jembe ukiwa umelowa huziba, na jaruba, yaani kishamba kilichozungushiwa matuta, hukaa na maji yake. Huko ndiko kwa mpunga.

Kujua ulicho nacho hakuhitaji maabara. Chukua udongo wa kujaa kiganja, ulowanishe, uukande, kisha usukume kwa kidole gumba utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito.

Lakini kiganja hakikuambii kilicho chini, na hapa ndipo ninapowasihi watu wachimbe angalau mita moja. Mto huhama. Mkondo wake wa zamani hujaa mchanga, halafu mafuriko ya baadaye huufunika kwa mfinyanzi. Mzee mmoja alikuwa na jaruba lisiloshika maji, wakati majirani zake wote wanavuna. Aliniambia, "Mwanangu, kuna mtu anayaiba usiku." Tulichimba. Sentimita 60 za mfinyanzi mweusi, kisha mchanga mweupe wa mto. Maji yalikuwa yakitorokea humo. Tulifuata mstari wa mchanga ule kwa mashimo mengine manne, na ulipinda sawasawa na mto unavyopinda leo.

Tazama pia rangi. Madoa ya kutu kwenye ukuta wa shimo yanaonyesha kimo ambacho maji ya ardhini hupanda na kushuka: maji yakijaa, hewa hukosekana na chuma huyeyuka, yakishuka, hewa huingia na chuma hugeuka kutu. Chini yake ukikuta kijivu kitupu, hapo maji hayaondoki. Nimewahi kuona kiangazi shamba kavu, lenye nyufa za kuingiza mkono, huku madoa yakianzia sentimita 30 tu. Mahindi hapo yangekufa masika. Hata mpunga una hatari, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kikizidi, majani hugeuka rangi ya shaba na mazao hushuka.

Kwa hiyo mtaro wa kutolea maji naupanga kwanza, kabla ya mfereji wa kuingizia. Skimu ya umwagiliaji ya Doho, yenye hekta zipatazo 1,000, inalishwa na Manafwa huohuo, na mashapo yanayorutubisha bonde ndiyo yanayojaza mifereji yake. Kuzibua ni kazi ya kila mwaka, si ya dharura. Ukingo nao usilimwe hadi majini: kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 100 ziachwe kwenye mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwenye mingine.

Shimo la mwisho nililochimba msimu huu lilikuwa la mama aliyekuwa ameshaandaa miche ya vitunguu. Tuliliacha wazi usiku kucha. Asubuhi alishuka mwenyewe na mpini wa jembe, akapima: maji yalikuwa yamesimama sentimita 40 kutoka juu. Akaita wanawe, wakaanza kubeba miche kuelekea ukingoni.